Mpangaji wa Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeshinda! Niandike haraka kabla utamu haujaisha.

Kikao cha familia nyumbani kwa Mama Mkwe. Kesho anaingia hospitali kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Akitoka atakaa kwa binti yake mkubwa, dada wa mke wangu, na daktari amesema bandeji isiguswe mpaka Jumapili. Kila kitu kilikuwa kimeshapangwa: nani atamwagilia maua, nani atakaa na funguo. Likabaki jambo moja. Nani atakaa na Mpangaji?

Mpangaji ni kinyonga. Aliingia nyumbani kwa Mama Mkwe mwaka ule aliofariki Baba Mkwe. Hakubisha hodi, akachagua chumba chenye dirisha zuri, na mpaka leo hajui kodi ni nini. Ndiyo asili ya jina. Mama anazungumza naye asubuhi na jioni. Anasema ni kiumbe pekee anayemsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Lakini ukungu wa macho umezidi, na sasa anamwona kama kitambaa cha kijivu kinachotembea. Ametuambia waziwazi kwamba akifunguliwa jicho hana haja ya kuona televisheni, wala sisi. Anataka kwanza kumwona Mpangaji na ukijani wake. Mke wangu akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Ndipo Injinia akakohoa. Injinia ni mwanyumba wangu, yaani tumeoa ndugu, yeye mkubwa na mimi mdogo. Wala si injinia, ni fundi wa pampu za maji. Lakini ana pikapu na sauti ya taratibu, basi dunia nzima inamwita Injinia. Mimi mwenye saluni yangu naitwa "yule kinyozi". Na Injinia huyo ananyoa kichwa chake mwenyewe, nyumbani, kwa mashine yake. Mwenye akili ataona dharau iliyopo hapo.

Akaanza kusema kwamba yeye anaonelea... Hakumaliza. Nilishasimama. Nikatangaza kwamba Mpangaji anakuja kwangu, kwa sababu mimi nimelea vinyonga tangu utotoni, watatu, na mmoja aliishi mpaka akazeeka mikononi mwangu. Sijui maneno yalitoka wapi. Ukweli ni kwamba mimi nikiona kinyonga huvuka barabara.

Mama Mkwe akafurahi, akaanza kunieleza chakula chake. Nikamwambia asijisumbue, Mama, apumzike, hayo nayajua. Akaanza kunieleza habari ya maji. Nikamwambia na hayo nayajua. Akanielekezea macho yake ya ukungu kwa muda, kisha akasema haya, mwanangu. Injinia akajitolea kuleta kizimba cha Mpangaji kwa pikapu. Ni kizimba cha waya, kirefu kunipita, kina matawi ndani, na hakiingii kwenye teksi yoyote. Nikakataa. Sitaki fadhila za pikapu.

Nimemleta Mpangaji kwenye boksi la viatu lenye matundu, nimelishika mbali na mwili. Mke wangu, ambaye namwita Hakimu kwa sababu hukumu zake hazina rufaa, ameniuliza njia nzima ni lini nililea vinyonga. Nimemwambia ni kabla hatujajuana.

Jumatano, 5 Machi

Makazi ya kifalme yamepatikana! Mama Mikate, jirani yangu wa saluni, alikuwa na kabati la vioo la zamani alilokuwa akiuzia mikate. Nimelipata kwa ahadi ya kumnyoa mumewe bure mpaka mwisho wa mwezi. Mumewe ana upara. Hiyo ndiyo biashara.

Nimeliweka saluni, juu ya meza, katikati ya vioo viwili vikubwa: kile kilicho mbele ya kiti, na kile cha ukutani nyuma kinachomwonyesha mteja kisogo chake. Hapo ndipo penye mwanga kuliko pote. Ndani nimeweka tawi la plastiki, kitambaa cha kijani, na bakuli la maji lililochorwa ua. Nimemhamisha kwa msaada wa kitana kirefu ili asinishike. Ukisimama pembeni unaona akina Mpangaji wamejipanga mstari ndani ya kioo, nyuma ya kila mmoja mwingine, mpaka macho yanachoka. Fahari tupu.

Chakula. Nimempa majani ya saladi, tango lililomenywa, na kipande cha mkate laini. Hakugusa. Nikamkatia tango vipande vidogo zaidi. Akageuza jicho moja kunitazama mimi, na jingine kukitazama kioo. Sijawahi kudharauliwa pande mbili kwa wakati mmoja. Bakuli la maji amelikanyaga, akapita zake.

Nikapata wazo. Nikabandika karatasi mlangoni: NYOA HUKU UKIMWONA KINYONGA. Watu wamekuja wengi. Wamemwona. Hawakunyoa. Aliyekuwa kitini tayari ndiye peke yake aliyekuwa hajamwona. Nilipokizungusha kiti, wakakutana uso kwa uso. Mteja ametoka mbio na shuka langu shingoni, nusu ya kichwa ikiwa bado. Mpaka nafunga hajarudi. Wala shuka halijarudi.

Jioni Injinia akapiga simu. Upasuaji umekwenda salama, Mama amepumzika, jicho limefungwa. Halafu, kwa ile sauti yake, akauliza kama huku kwetu panzi wanapatikana, wale walio hai. Nikamwambia wamejaa tele, na Mpangaji amekula mpaka amekataa. Nikakata simu.

Panzi! Kumbe! Ona nilivyomchota habari bila yeye kujua. Anajiona mpelelezi, kumbe anayepelelezwa ni yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimekwenda kuwinda kwenye majani marefu nyuma ya uwanja wa mpira. Silaha: shuka la kunyolea la akiba. Mbinu: kunyata, kurusha shuka, kuangukia juu yake. Mlinzi wa uwanja alinitazama muda mrefu, kikombe cha chai mkononi. Mwishowe akaja kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nina ndugu wa karibu ambaye anaweza kupigiwa simu. Nikamweleza kwamba natafuta kitoweo cha mpangaji wa mama mkwe wangu. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama karibu na geti mpaka nilipoondoka.

Nimerudi na panzi wachache na suruali yenye magoti ya kijani. Nimewamwaga wote kabatini kwa mpigo. Karamu! Mpangaji hakula hata mmoja. Panzi mmoja akampanda kichwani, akatulia pale, akaanza kupangusa miguu yake.

Na rangi imebadilika. Jana alikuwa na kijani cha uchovu. Leo ni kahawia kama chai ya rangi. Amevimba ubavu, mdomo wazi, anayumba mbele na nyuma akikielekea kioo cha mbele. Akichoka na hicho, anageukia cha nyuma. Naona anapenda kujitazama. Mrembo ni mrembo.

Hakimu alipita mchana kuniletea chakula. Akauliza mbona mnyama amepata rangi ya sufuria. Nikamwambia hiyo ndiyo rangi yao ya kutafakari. Akauliza nani kasema. Nikamwambia ni jambo linalojulikana. Akaweka chakula mezani, akamtazama Mpangaji, akanitazama mimi, akasema anamhurumia mmoja wetu. Hakusema yupi.

Jioni Injinia tena. Mama anaendelea vizuri, anasikiliza redio na kulalamikia chakula. Kisha akauliza kama huku kwetu maji yanatoka, maana amesikia mahali kwamba vinyonga hawajui bakuli ni nini. Amesikia wanakunywa matone tu, juu ya majani, ukiwanyunyizia. Nikacheka kile kicheko cha mtu mzoefu, nikamwambia hilo hata mtoto analijua. Nikakata simu, nikakimbilia saluni na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Matone! Na mimi nina chupa ya kunyunyizia, ile ya kulowesha nywele! Nimenyunyizia tawi la plastiki. Hakunywa. Nikakumbuka kwamba humo ndani huwa natia manukato kidogo ili wateja watoke wakinukia. Nikaiosha, nikaisuuza, nikanyunyizia upya. Matone yakateleza kwenye plastiki yakadondoka chini. Yeye wala hakuwa na habari nayo. Alikuwa anamkodolea macho yule wa kwenye kioo.

Sasa niseme ukweli, humu hakuna anayesoma. Nilipoingiza mkono kufuta maji, alinishika kidole. Mimi, ninayevuka barabara! Vidole vyake vimegawanyika pande mbili kama koleo ndogo, vina baridi, na alishika kwa nguvu zake zote, kisha akatulia. Nilisimama hivyohivyo, mkono hewani, mpaka bega likaniuma. Sikutaka kumsumbua. Nilijisikia mtu wa maana.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo ni mabaya. Mpangaji amekuwa mweusi. Si kahawia, mweusi. Hajala tangu aje kwangu. Jumapili inakuja mbio.

Injinia alipiga hata kabla sijafungua saluni. Safari hii hakuzunguka. Akasema Mama anauliza kama Mpangaji anakaa peke yake.

Swali hilo limenichoma. Peke yake! Kumbe ugonjwa wenyewe ni upweke! Na nani anaujua upweke kumshinda Mama Mkwe, aliyebaki peke yake kwenye nyumba ile kubwa? Nikamwambia Injinia amtoe Mama wasiwasi kabisa. Mpangaji ana wenzake, wamemzunguka pande zote, hawamwachi hata dakika moja. Injinia akauliza ni wenzake wangapi. Nikamwambia hawahesabiki. Kisha akasema sawa, sawa, na akakata simu yeye kwanza, jambo ambalo si kawaida yake.

Nikaingia kazini. Nikachukua kioo cha mkononi, kile cha kumwonyeshea mteja sikio, nikakiegemeza ndani ya kabati, karibu kabisa na tawi. Awe na rafiki wa jirani. Mpangaji alimwona. Akavimba mpaka nikaogopa atapasuka, akamwendea mdomo wazi, akamgonga kichwa, akateleza. Akaanguka chali. Akabaki pale, miguu yote hewani ikitafuta kitu cha kushika.

Nilipiga kelele. Mteja aliruka kutoka kitini. Nikampa Mpangaji kidole, akakishika, lakini kwa udhaifu, kama mtu anayekuaga. Macho yake, yale yanayozunguka kila upande, yalikuwa yamezama ndani na kufumba, mchana kweupe. Roho ikanitoka. Nikamwomba mteja radhi, nikafunga mlango kwa ndani, nikamtia Mpangaji kifuani ndani ya shati ili apate joto langu.

Nikamwambia yote. Kwamba sijawahi kulea kinyonga hata wa dakika moja. Kwamba mimi ni mwongo na mwenye sifa za kijinga. Kwamba Mama Mkwe keshokutwa atafunguliwa jicho, na kitu cha kwanza atakachokitafuta duniani ni yeye, kwa hiyo tafadhali asife, na hata kama kusingekuwa na Mama Mkwe, tafadhali asife. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Nikaamua kwenda kumwungamia Hakimu. Nilikuwa bado natafuta sentensi ya kuanzia, nikasikia breki nje. Pikapu.

Jumamosi, 8 Machi

Jana niliishia kwenye pikapu.

Injinia alikuja na kizimba cha waya kimefungwa kamba nyuma ya pikapu, pamoja na mti mdogo wa majani mengi ndani ya ndoo. Hakimu alikuwa amekaa mbele, mikono kifuani. Kumbe walishazungumza. Nikajiandaa kwa aibu ya mwaka. Nilikuwa na utetezi tayari, kuhusu hali ya hewa na kukatika kwa umeme.

Injinia aliingia. Akatazama vioo. Akatazama kabati la mikate. Akatazama shati langu lililokuwa likitembea lenyewe. Hakucheka. Alivua koti lake akakifunika kioo kikubwa, na Hakimu akafunika kile cha nyuma kwa shuka. Ndipo akasema, taratibu, kwamba kinyonga ni wa kukaa peke yake, na akiona mwenziwe anajua amevamiwa. Hali, hanywi, hapumziki, anabaki kwenye vita. Na mle ndani alikuwa anapigana na jeshi zima. Halafu akagusa kioo cha kabati, akasema kinashika joto kama jiko, hewa haipiti.

Masikio yaliniwaka. Siku zote hizo nimemzungushia maadui, na mimi namwita mrembo.

Tukakiweka kizimba uani kwangu, mahali penye kivuli ambapo jua linapenya kidogo kidogo. Hewa inaingia pande zote. Matawi ya kweli, majani ya kweli. Tukamweka Mpangaji kwenye mti, Hakimu akanyunyizia majani maji safi, ukungu mwembamba, mpaka kila jani likawa na matone yake. Kisha watu wazima watatu tukachuchumaa nyuma ya pipa la maji kusubiri. Magoti ya Injinia yalilia.

Mpangaji alikaa kama amekufa. Halafu kichwa kikasogea. Tone lilikuwa linaning'inia kwenye ncha ya jani, akalifuata kwa mdomo, akalimeza. Akafuata jingine. Akanyanyua kichwa na koo likacheza. Machozi yalinitoka kabisa, sikuyazuia. Nikasema ni yale manukato ya chupa. Hakimu akanishika mkono, akaniambia anajua, ni manukato.

Leo asubuhi Injinia amerudi na kopo la panzi na nyenje. Akaeleza kwamba watolewe mmoja mmoja, wasiachwe wakamtembelea mwilini, na wasiwe wakubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya macho yake. Na wao wenyewe walishwe kwanza, majani mabichi na karoti, maana kinyonga akila panzi mwenye njaa amekula ganda tupu. Nilitaka kusema hilo nalijua. Nikanyamaza. Naandika hapa kwa kumbukumbu kwamba nilinyamaza.

Na ulimi! Sijui niuelezeje. Mpangaji yuko hapa. Panzi yuko kule, tawi jingine kabisa, anajipangusia miguu yake. Halafu panzi hayupo! Mimi na Injinia tukapiga kelele kama timu yetu imefunga goli, tukakumbatiana, tukarukaruka. Kisha tukakumbuka ni sisi. Tukaachiana, tukajipangusa nguo.

Mchana aliniomba nimnyoe. Yeye mwenyewe! Alikaa kitini bila kulazimishwa, akaegemeza kichwa. Kisogo chake ni maafa, kimejaa mabaki ya miaka yote aliyokuwa akijinyoa bila kujiona nyuma. Nimefanya kazi ya heshima, mashine kisha wembe, poda mwishoni. Nikiwa hapo nikamwuliza mambo ya vinyonga aliyajulia wapi. Akasema yeye hajui lolote, yeye anauliza tu anachoambiwa aulize. Sikumwelewa. Atakuwa na uchovu.

Jioni hii Mpangaji ana kijani upande mmoja, ule wa jua. Upande wa pili bado kahawia. Ni Mama Mkwe, huwezi kumwomba atazame upande mmoja tu.

Jumapili, 9 Machi

Alfajiri nilikwenda kumwangalia. Kahawia! Mzima mzima! Nikamwamsha Hakimu kwa kilio. Akaniambia nimwache mnyama apate jua kwanza, hata yeye akiamka hafanani na picha ya harusi. Kweli, jua lilivyopanda akaanza kujirekebisha. Nikanyunyizia majani. Nikampa panzi mwenye karoti tumboni. Nikamwomba kwa adabu zote.

Wamemleta Mama mchana. Bandeji ilitolewa hospitali, akavaa miwani myeusi, na Injinia anasema njia nzima alifumba macho, hakutaka kulipoteza jicho jipya kwa kutazama barabara. Tumemshika mikono mpaka uani. Akavua miwani. Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja.

Mpangaji alikuwa juu kabisa, kwenye tawi la jua, kijani cha jani lililochipua leo. Jicho moja likazunguka taratibu, likatua kwa Mama. Mama akasogea mpaka pua ikagusa waya.

Kisha akasema ana madoa ya manjano. Akarudia, ana madoa ya manjano ubavuni, mnayaona, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Akamsimulia Mpangaji habari zote, wodi, manesi, mama wa kitanda cha pili aliyekuwa akikoroma, chakula kisicho na chumvi. Sisi tulisimama nyuma kama watu wasioalikwa, na hakuna aliyetaka kuondoka.

Alipomaliza akatugeukia, mmoja mmoja. Wanawe akawashika mashavu. Injinia akamwambia amenyolewa vizuri, ni nani huyo fundi. Nikavimba. Kwangu akakaa sana. Akasema kumbe nina mvi, baba, tangu lini, na mbona nimekonda hivi. Nikasema ni kazi tu, Mama. Akanipapasa kichwa, akanishukuru kwa kumtunzia mpangaji wake. Halafu akaniuliza wale vinyonga wangu watatu wa utotoni walikuwa na rangi gani.

Nikasema wawili walikuwa wa kijani, na mmoja alikuwa wa kubadilikabadilika.

Mama akasema huyo wa kubadilikabadilika hajawahi kumsikia, nitamsimulia vizuri siku nyingine. Injinia akapatwa na kikohozi ghafla, akatoka uani.

Jumatatu, 10 Machi

Mpangaji ameondoka na kizimba chake, kwa pikapu. Uani pamebaki alama ya ndoo. Leo nimejikuta nanyunyizia maji kwenye kalenda ya ukutani. Namkosa. Nimeshika kidole changu mwenyewe kwa muda, haifanani.

Wakati wa chai nikaona nimweleze Hakimu siri ya ushindi. Kwamba Injinia alidhani ananichunguza, kumbe kila aliponipigia mimi nilikuwa namnyonya maarifa, moja baada ya jingine, bila yeye kushtuka. Panzi, matone, yote. Hakimu akaweka kikombe chini. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akatoka kitini akakaa sakafuni. Akawa anajaribu kuniambia jambo kuhusu mama yake, sijui kitanda, sijui simu iliyowekwa spika, ila kila akifika hapo anaanza upya. Nikamwacha. Ni furaha ya kuwa na mume mwerevu, humjia mara chache.

Jumamosi, 22 Machi

Jicho la kushoto! Mama Mkwe anaingia hospitali tena, na safari hii hakukuwa na kikao. Ametamka mwenyewe kwamba Mpangaji anakuja kwangu. Injinia akamwuliza ana uhakika, na Mama akajibu kwamba wote wanaweza kumlisha, lakini huyu alimlilia. Sijui nani alimwambia. Nilimgeuzia Injinia uso nikatabasamu kwa heshima.

Kizimba kipo uani tangu asubuhi. Kivuli sawa, hewa sawa, majani yana matone, panzi wamekula karoti wameshiba kunipita. Mpangaji kijani, manjano ubavuni, amenishika kidole tulipoonana. Hakuna cha kulaumu. Mtu mwingine angeishia hapo.

Lakini mimi nilikwishaliwaza suala la Ijumaa ile kwa kina. Kosa halikuwa wenzake. Kosa ni kwamba wale walikuwa wa kwenye kioo, watu wa bandia, hawana utu, wanakuigiza kila unachofanya. Nani asingekasirika? Anachohitaji Mpangaji ni mwenzake wa kweli, mwenye tabia yake. Na leo, nikiwinda panzi nyuma ya uwanja wa mpira, nani nimemkuta kwenye uzio? Kinyonga! Jike, bila shaka, ana macho ya upole. Mlinzi amenisaidia kumtia kwenye boksi, kisha akaniuliza tena habari za ndugu zangu.

Sikutaka kuwatia kizimba kimoja ghafla, mimi si mtu wa pupa. Kwanza nimempandisha bibi harusi kwenye fimbo na kumsogeza karibu na waya ili wazoeane. Nimempigia Injinia simu nikamweleza, kwa faida yake. Kabla sijamaliza nikasikia pikapu ikiwashwa.

Wanatazamana vizuri sana. Mpangaji amevimba kwa furaha na kugeuka mweusi tii. Bibi harusi naye amegeuka mweusi. Wamefanana mpaka rangi! Hakimu ametokea mlangoni, ametutazama, amerudi ndani mbio na simu sikioni. Nimemsikia akisema Mama, Mama. Anampa habari njema.